Nikisikia “he's” sijui ni “is” au “has”

Wahariri wa safu ya lugha, habari za kazi?

Nafanya kazi ya kupokea simu za wateja, na sehemu kubwa ya siku naongea Kiingereza. Kusoma hakunipi shida, na barua ya kiofisi naiandika vizuri tu. Kinachonitesa ni yale maumbo mafupi yanayofuata I, you, he, she, it, we na they. Mteja akisema “He's paid”, nabaki najiuliza: amelipa au analipwa? Mmoja akisema “I'd call” na mwingine “I'd called”, masikioni mwangu ni kitu kilekile, na mara nyingine hiyo d hata siisikii.

Ili nisikosee nikaamua kusema kila kitu kwa ukamilifu: I am, I will, I have. Sasa msimamizi ananiambia kuna wateja wanaoniona mkali. Nilipojaribu kufupisha, mteja aliniuliza kama bado niko kwenye laini, nikajibu “Yes, I'm”. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, “You're what?” Mpaka leo sijaelewa kosa liko wapi.

Mawili ya mwisho. Kwenye meseji naandika “Am coming” na mwenzangu ananicheka. Kwani si ndivyo inavyotamkwa? Na barua pepe za kazi niziandikeje? Hii ni moja niliyotuma juzi: “I have checked your account and I will call you tomorrow. If it is not paid by Friday, you will be charged again.” Imekaa sawa?

Mpokea Simu

*

Ndugu Mpokea Simu,

Umekuwa ukikodolea macho kiwakilishi, na ndiyo maana umekwama. I, he au they haikuambii lolote kuhusu kilichofupishwa. Anayesema ni jirani wa upande wa pili, neno linalofuata. Hilo ndilo linaloamua 's ni ya nini, 'd ni ya nini, na hata kama una ruhusa ya kufupisha au huna.

Maumbo yenyewe ni machache. 'm ni am, nayo hukaa na I peke yake. 're ni are, 've ni have, 'll ni will na kwa nadra shall. Hayo hayana utata. Kazi iko kwenye mawili tu: 's yaweza kuwa is au has, na 'd yaweza kuwa had au would. Was haina umbo fupi, wala were. Kwa hiyo “he's” usiihangaikie kwa wakati uliopita wa is, na “we're” ni “we are” siku zote.

Tuanze na 's. Ikifuatwa na kitenzi chenye -ing, sifa, nomino au mahali, ni is: “She's waiting”, “He's angry”, “It's a refund”, “She's in the office”. Ikifuatwa na been au got, ni has, huna haja ya kufikiri. Pa kusimama ni pale inapofuatwa na umbo la tatu la kitenzi, yaani gone katika go, went, gone, kwa sababu is na has zote mbili hulitumia umbo hilo. Hapo ndipo “He's paid” ilipokunasa, na sikio lako halina kosa: sentensi yenyewe ina sura mbili. Subiri neno moja zaidi. “He's paid monthly” ni is, analipwa kila mwezi. “He's paid the invoice” ni has, amelipa ankara, maana kuna kitu kilicholipwa. “He's paid already” ni has pia, kwa sababu ya already. Ukisikia by inayomtaja mtendaji, kama “It's paid by the insurer”, ni is.

Kanuni hiyo ya “kuna kitu kilichotendwa, basi ni has” huteleza kwenye vitenzi vya kumpa au kumpelekea mtu kitu, kama give, send na offer. “She's sent the form” yaweza kuwa ametuma fomu, na yaweza kuwa hutumiwa fomu. Usikisie. Rudisha swali kwa umbo kamili: “So she has already sent it?” Mteja atakubali au atakurekebisha, na hakuna atakayeona kwamba ulikuwa umepotea. Kuna na jozi ambazo hazifai kukuumiza kichwa kabisa: “He's gone” na “It's finished” zina usomaji wa is na wa has, na kwa kazi yako maana ni ileile, hayupo na imekwisha.

Sasa 'd. Kitenzi kinachofuata kikiwa kitupu, bila nyongeza, ni would: “I'd call”, “she'd wait”, “they'd be happy”. Kikiwa umbo la tatu, ni had: “I'd called”, “she'd waited”, “they'd been happy”. Kwa Kiswahili ya kwanza huangukia kwenye -nge-, ningepiga, na ya pili kwenye nilikuwa nimepiga. Wakaidi ni wawili. “You'd better send it today” ni had ingawa send ni kitupu. Maana yake ni afadhali uitume leo, tena kuna onyo kidogo ndani yake, kwa hiyo usimwambie mteja ukidhani ni adabu. “I'd rather wait” ni would.

Kisha kuna vitenzi ambavyo umbo la tatu halitofautiani na lile tupu: come, put, cut, let, run, cost. “They'd come early” haina dalili yoyote ndani yake. Sikiliza maneno ya wakati na ya sharti yaliyo karibu. Already, before, by the time na just huvuta kuelekea had. Tomorrow, next week na probably huvuta kuelekea would, na if pia ikiwa katika sehemu nyingine ya sentensi; “if they'd come” yenyewe kwa kawaida ni had. Hata “I'd call twice” na “I'd called twice” hutenganishwa hivyohivyo kwenye simu, kwa kuwa d ya called ikikutana na t ya twice humezwa.

Hapo tumegusa lile la kutoisikia d. Si simu yako mbovu. Katika Kiingereza cha kawaida, d ya mwisho ikifuatwa na t, d, b au p haifunguliwi. Ulimi hugusa ufizi wa juu ukabaki hapo mpaka sauti inayofuata. “I'd take”, “we'd do”, “they'd pay”: kinachobaki ni kusita kudogo mno. Kwenye “you'd better” d hupotea kabisa, na wenye lugha wenyewe huandika “you better” kwenye meseji. Badala ya kuitafuta d, tafuta kasoro inayoachwa nyuma. Baada ya he, she au it, kitenzi cha wakati uliopo lazima kiwe na s: she takes, it works. Basi ukisikia “she take it back”, kuna kitu kimemezwa katikati, ama 'd ama 'll. Vivyo hivyo ukisikia “we been waiting” au “they seen it”, iliyomezwa ni 've. Kwa I na they mtego wa s haufanyi kazi, kwani “I take” ni sahihi. Hapo tegemea mazungumzo. Mteja aliyepiga kudai fedha zake akisema kitu kama “I like a refund”, hakuelezi anachokipenda maishani. Amesema “I'd like”.

Mengine ya sikio, kwa haraka. 's hutamkwa s baada ya t, kama it's, that's, what's. Baada ya irabu ni z, kama he's na she's. He's na his zote huishia kwa z, na tofauti yao iko kwenye irabu tu, ndefu kwa he's na fupi kwa his. Kwa kuwa Kiswahili kina i moja, kwetu hugongana. Msaada ni ile a ndogo: “He's a manager”, lakini “His manager”. It'd na it'll zina silabi ya pili, tofauti na I'd na I'll. I'll katika maongezi ya haraka hushuka hadi kitu kama “al”, kwa hiyo ukisikia “al call you” usitafute neno jipya.

Upande wa kutamka, mdomo uliozoea Kiswahili hutaka silabi iishie kwa irabu. Matokeo ni mojawapo ya mawili: tunaongeza irabu, “aimu”, “hizi”, “wili”, au tunaidondosha konsonanti na “I'll call” inakuwa “I call”. Mazoezi mengi huanza kwa maneno yanayoanza na konsonanti, na hapo ndipo watu hukata tamaa. Anza kinyume. Chagua neno linalofuata linaloanza kwa irabu, kisha hamishia konsonanti huko: “I'm on” iseme ai-mon, “he's out” hi-zaut, “we'll open” wi-lopen, “they've asked” tamka v pamoja na asked. Sasa kila silabi inaishia kwa irabu au inaelekea huko, na tabia yako ya Kiswahili inakusaidia badala ya kukukwamisha. Ukishazoea sentensi kumi za namna hiyo, badilisha neno la pili liwe la konsonanti: “I'm busy”, “he's late”, “we'll check”. Usiruhusu irabu ijipenyeze. Midomo ikifunga kwa m ya I'm, ifunguke moja kwa moja kwenye b ya busy.

Tuje kwa “Yes, I'm”, ambalo ndilo swali zuri kuliko yote uliyouliza. Umbo fupi halina nguvu ya kusimama mwisho. Lazima liwe na kitu mbele yake cha kuliegemeza, na kitu hicho kiwe chake. Ukisema “Yes, I'm”, sikio la mteja linasubiri: checking? ready? the supervisor? Ndiyo maana akauliza “You're what?” Jibu ni “Yes, I am”. Vivyo hivyo “Yes, she has”, “Yes, we will”, “He's older than I am”. Kukanusha hakuna tatizo, kwa kuwa not inatoa egemeo: “No, I'm not”, “No, he's not”. Unaweza pia kusema “No, he isn't”, ila kwa I njia ni hiyo moja; “amn't” husikika Scotland na Ireland, lakini Kiingereza sanifu hakiitumii, na katika swali la mkia watu husema “I'm late, aren't I?”

Wengi wakishajua hilo la mwisho wa sentensi hudhani wamemaliza, kisha wanaandika “Do you know where he's today?” Si wameweka neno mbele? Wameweka, lakini si lake. Kinachokamilisha is hapo ni where, nayo imeshakimbilia mwanzo, ikaacha pengo. Today ni mpita njia. Sahihi ni “where he is today”. Linganisha na “where he's going”, ambayo ni sawa kabisa, kwa sababu going ni ya is na iko mahali pake. Ukiwa na shaka, geuza iwe sentensi ya kawaida. “He is there today”: there ikihamia mbele na kuwa where, pengo linabaki mara baada ya is, basi usifupishe. “He is going there”: pengo liko baada ya going, fupisha.

Kuna marufuku nyingine tutaipita upesi: have na had zikimaanisha kumiliki au kula, ziache kamili. “He's a car” humaanisha yeye ni gari. “I've a question” utaisikia kwa baadhi ya Waingereza, lakini “I have a question” au “I've got a question” haitakuangusha popote.

Kuhusu ukali, msimamizi wako yuko sahihi na wewe huna hatia. Kwetu “nitakupigia” na “ntakupigia” zinapishana kwa urasmi tu. Aliyetamka kwa ukamilifu haonekani amekasirika. Kwa Kiingereza cha kuzungumza, umbo kamili hubeba mkazo, na mkazo hubeba ubishi. “I'm listening” ni nakusikiliza. “I am listening” ni nakusikiliza, nani amekwambia sikusikilizi? “I will call you” kwa mteja ambaye hajalalamika humfanya ajiulize kwa nini unaapa. Kwa hiyo yaweke maumbo kamili akiba kwa siku ya kuyahitaji: mteja akisema hamkutuma fomu na mmeituma, “We have sent it” ndiyo mahali pake, have ikisikika wazi. Kwingine fupisha. Na usiwasikilize wanaosema kufupisha ni uvivu wa kizazi cha sasa. Mwaka 1710 Jonathan Swift alikuwa tayari analalamika katika jarida kuhusu watu wanaokatakata maneno ya Kiingereza. Maneno yameendelea kukatwa.

“Am coming” si sahihi, hata kama sikio linakubaliana nawe. I'm ikisemwa haraka hufanana na am, watu wakaandika walichosikia, na I ikapotea. Kiingereza hakiachi kiima kidondoke namna hiyo katika maandishi ya kazi. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: “I'm agree”, “I'm want”, “I'm go”. Hapa I'm imegeuzwa kuwa ni- ya Kiswahili, ikabandikwa kwenye kila kitenzi. Dawa ni kuifungua. “I am agree” utaona mwenyewe haisimami. Ni “I agree”.

Kufungua huko ndiko kipimo cha tahajia pia. Ritifaa, alama ileile ya ng'ombe, inasimama mahali pa herufi zilizoondoka. Ukiweza kusoma “it is” au “it has”, andika it's. Usipoweza, ni its. Ukiweza “you are”, ni you're. “They are”, they're. “Who is” au “who has”, who's. Usijilaumu sana kwa its, kwani hata Katiba ya Marekani ya mwaka 1787, Ibara ya I, Kifungu cha 10, iliandikwa “it's inspection Laws” pale ambapo leo tungetaka its. Na “would of” haipo. Ni would've iliyosikiwa vibaya.

Jihadhari na simu yako. Ukiandika im au ive, programu ya kusahihisha kwa kawaida hukurekebishia, maana hayo si maneno. Lakini ill, well, hell, shell, were, wed, shed na its ni maneno halali ya Kiingereza, na mara nyingi hupita bila kuguswa. “Ill call you” humwambia mteja habari za ugonjwa. Hayo manane yakague kwa macho kila mara kabla ya kutuma.

Mwisho, barua pepe. Mikataba, barua za kisheria, insha za mtihani na ripoti rasmi, andika kwa ukamilifu. Majibu ya kila siku kwa wateja, fupisha kwa kiasi: I'm, I'll, I've, you'll, we're na I'd like hazimshangazi mtu. It'd na that'd ziache mdomoni, na I'd've husemwa tu, haiandikwi. Kuna jambo moja tunalolipenda katika mwongozo wa uandishi wa tovuti ya serikali ya Uingereza, GOV.UK: unaruhusu maumbo kama you'll, lakini unashauri kuepuka can't na don't, kwa sababu wasomaji wengi hupata tabu kuyasoma au huyaelewa kinyume. Kwa mtu anayeandika habari za malipo, huo ni ushauri wa fedha.

Barua yako haina kosa la sarufi, ila sentensi ya kwanza imekaza shingo bila sababu. Tungeituma hivi: “I've checked your account and I'll call you tomorrow. If it is not paid by Friday, you will be charged again.” Ya kwanza ni huduma, ikafupishwa. Ya pili ina not ambayo isipoonekana mteja atakatwa fedha, na will ambayo ni onyo la kweli, kwa hiyo zote mbili zimebaki nzima.